Dakta Aggrey na Shule za Watu Waliodharauliwa

Ndugu wanachama, nanyi wanafunzi mlio madarasani sasa, mfanyabiashara wa Tunduma anayeshuka Dar es Salaam kununua bidhaa hawezi kuukosa Mtaa wa Aggrey. Uko Kariakoo, umejaa maduka, wachuuzi na mikokoteni. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa na mizigo kichwani bila kujiuliza Aggrey alikuwa nani. Baadhi hudhani ni Mzungu fulani wa serikali ya kikoloni ambaye jina lake lilisahauliwa kufutwa. La hasha. Aggrey alikuwa Mwafrika, mwalimu na mchungaji, aliyefika Tanganyika mwaka 1924. Alifia ugenini mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 51.

Maisha yake yanatufaa sana sisi tuliosoma Msangano, kwa sababu yanaeleza jambo ambalo mwanafunzi halifikirii anapokuwa darasani: shule za watu wasio na mali wala sauti serikalini hujengwa na nani, hulipiwa na nani, na aliyesomeshwa hubaki na deni gani.

Jina lake kamili ni James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Alikuwa Mfante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji katika baraza la mtawala wa Anomabu, kazi inayotaka mtu mwenye ulimi wa busara na kumbukumbu nzuri. Mtoto alirithi vyote viwili. Akatiwa katika shule ya Wamethodisti huko Cape Coast, na kabla hajawa mtu mzima alikwisha kuwekwa kuwafundisha wengine, kama ilivyokuwa desturi ya shule za misheni za wakati ule, ambako kijana wa madarasa ya juu ndiye mwalimu wa madarasa ya chini. Alishiriki pia katika kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kifante, na akawa katibu wa chama cha kutetea haki za wenyeji kilichopinga mpango wa Waingereza wa kuchukua ardhi ya watu.

Mwaka 1898 maisha yake yaligeuka. Kanisa la Kimethodisti la watu weusi wa Marekani, liitwalo African Methodist Episcopal Zion, lilikuwa na askofu jina lake John Bryan Small, mzaliwa wa Barbados. Askofu huyu aliifahamu Pwani ya Dhahabu tangu ujana wake, alipokuwa huko pamoja na jeshi la Waingereza. Aliona kwamba Afrika haitainuliwa na wageni peke yao, bali na Waafrika wenyewe wakipata elimu ya juu. Akawatafuta vijana wa kwenda kusoma Marekani kisha warudi kulitumikia kanisa. Aggrey akawa mmoja wao. Akapanda meli mwezi Julai mwaka huo. Alidhani anakwenda kwa miaka michache, kumbe ingepita miaka 22 kabla ya kuiona tena nchi yake.

Hapa inatupasa tueleze ni shule za namna gani alizozikuta huko, maana bila hivyo hatutamwelewa.

Watu weusi wa Marekani walikuwa wachache katika nchi ya Wazungu, na wengi wao walikuwa watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Katika majimbo mengi ya kusini ilikuwa kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Jimbo la North Carolina, ambako Aggrey alikwenda kukaa, lilitunga sheria hiyo mwaka 1830: Mzungu aliyefundisha alitozwa faini au kufungwa, na mtu mweusi aliweza kuchapwa viboko. Vita vilipokwisha, watu wapatao milioni 4 walikuwa huru, lakini hawakuwa na ardhi, fedha wala shule. Serikali za majimbo hazikuwa na haraka ya kuwasaidia. Mzigo ukayaangukia makanisa.

Chama cha Wamisionari wa Marekani, kilichoungwa mkono hasa na makanisa ya Kikongregesheni, kilisaidia kuanzisha Fisk mwaka 1866 na Hampton mwaka 1868. Wabaptisti walianzisha Shaw mwaka 1865 na baadaye Spelman, shule ya wanawake. Wapresbiteri walikuwa na Lincoln tangu 1854, kabla hata ya vita. Makanisa ya watu weusi wenyewe nayo hayakukaa kungoja. Mengi ya majengo hayo yalisimama kwa senti za vibarua na wafuaji nguo, zilizokusanywa ibadani Jumapili kwa Jumapili. Fisk ilipokaribia kufungwa kwa kukosa fedha mwaka 1871, waimbaji 9 wa shule walizunguka nchi wakiimba nyimbo za utumwani, na fedha walizopata ziliiokoa shule na kujenga jumba ambalo lipo hadi leo.

Chuo alichoingia Aggrey kilikuwa mfano mzuri wa mwendo huo. Kanisa la Zion lilikianzisha mwaka 1879 katika mji wa Concord, kikakosa fedha na kusimama. Ndipo kijana mmoja mhubiri, Joseph Charles Price, ambaye baba yake alikuwa mtumwa, alipohudhuria mkutano wa Wamethodisti mjini London mwaka 1881. Mkutano ulipokwisha hakurudi nyumbani. Alizunguka Uingereza akihutubia kanisa hadi kanisa, akarudi na fedha zinazokaribia dola 10,000. Wazungu wa mji wa Salisbury, North Carolina, wakaongeza dola 1,000 ili chuo kihamie kwao. Mwaka 1882 kikafunguliwa upya, Price akiwa mkuu wake. Mtu huyo alifariki mwaka 1893 akiwa hajatimiza miaka 40, lakini chuo hakikufa pamoja naye.

Chuo hicho kiliitwa Livingstone, kwa heshima ya David Livingstone tunayemfahamu. Na tena, mwana wa Livingstone, Robert, aliyejiunga kwa jina la bandia na jeshi la upande wa Kaskazini, alifia Salisbury hiyo hiyo akiwa mfungwa wa vita mwaka 1864.

Wasomaji wa upande wetu wa Momba watatambua kwamba jina hilo limo pia katika historia ya elimu ya jirani zetu. Mwaka 1875, mwaka ule ule aliozaliwa Aggrey, Waskoti walianzisha misheni ya Livingstonia kando ya Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1890 misheni hiyo ilifika Mwenzo, ng'ambo tu ya Tunduma, katikati ya Wanyamwanga, kabila ambalo wakoloni walilipasua vipande viwili kwa mpaka. Kutoka shule hiyo wakapatikana vijana waliokwenda Chuo cha Overtoun, naye Donald Siwale, Mnyamwanga, akawa miongoni mwao. Siwale, David Kaunda na wenzao ndio walioanzisha Mwenzo chama cha ustawi wa wenyeji, cha kwanza cha aina yake katika Rodesia ya Kaskazini, mwaka 1912, kikafufuliwa mwaka 1923. David Kaunda ni baba yake Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Kwa hiyo habari ya makanisa kuyasomesha makabila madogo yaliyo mbali na makao ya serikali si habari ya Marekani peke yake. Babu zetu waliiona, wengine kwa miguu yao, wakivuka mpaka kwenda kutafuta kusoma.

Turudi kwa Aggrey. Alisoma kwa bidii kubwa, Kilatini na Kigiriki pamoja na masomo mengine, akapata shahada yake mwaka 1902 kwa sifa. Kwa mpango wa Askofu Small ilimpasa arudi. Mwenzake mmoja kutoka nyumbani, Frank Osam-Pinanko, alirudi mapema kujenga kanisa na shule. Aggrey akabaki. Chuo kilimpa kazi ya kufundisha, kisha kutunza kumbukumbu za wanafunzi na hesabu za fedha. Mwaka 1903 akapewa daraja ya uchungaji. Akamwoa Rose Douglass, wakajaliwa watoto. Mshahara ulikuwa mdogo na mara nyingine ulichelewa, kwa kuwa chuo kiliishi kwa michango, na wachangaji wenyewe walikuwa maskini. Mtu aliyesoma namna ile angeweza kupata kazi yenye faida zaidi mahali pengine. Hakuondoka.

Wala isidhaniwe kwamba mji ule ulikuwa mahali pa raha kwa mtu mweusi. Katika treni alikaa katika behewa la watu weusi kwa amri ya sheria. Mwezi Agosti 1906 kundi kubwa la Wazungu lilivamia jela ya Salisbury, likawatoa mahabusu watatu weusi ambao kesi yao ilikuwa haijaamuliwa, likawanyonga. Aggrey alikuwa mwalimu katika mji huo huo. Baada ya siku kama hizo ilimbidi asimame mbele ya vijana weusi na kuwaambia kwamba kuna faida ya kusoma. Hilo lapaswa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba upole wa Aggrey ulitokana na kutoyajua mateso.

Tangu 1914 alipewa pia makanisa mawili ya mashambani. Huko alikutana na wakulima weusi waliofungwa na madeni ya duka: wanakopa mbegu na chakula kabla ya msimu, na pamba ikivunwa yote inakwenda kwa mkopeshaji. Aggrey akawahimiza kulima vizuri zaidi, kuweka akiba na kuanzisha chama cha kuweka na kukopa. Wakati wa likizo za kiangazi alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuongeza elimu yake, ingawa umri ulikuwa umekwisha kupita miaka 40.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ukishirikiana na vyama vya misheni, uliunda tume ya kuchunguza elimu ya Waafrika, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Aggrey akateuliwa kuwa mjumbe, Mwafrika pekee katika tume hiyo. Walizunguka Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Huko Afrika ya Kusini alihutubia mikutano mingi ya weusi na weupe. Hapo mfano wake wa piano ulipata umaarufu: kwamba mtu aweza kupiga namna ya wimbo kwa vibonye vyeupe tu, au kwa vyeusi tu, lakini muziki uliokamilika wahitaji vyote. Mfano mwingine ni ule wa tai aliyelelewa pamoja na kuku hata akajidhani kuku, mpaka alipoonyeshwa jua akaruka. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliusikia mfano huu shuleni bila kujua chanzo chake.

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja kwetu. Ilipita Kenya, Uganda, Zanzibar, Tanganyika na Unyasa, ikaendelea kusini. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mwafrika msomi wa kiwango hicho akikaa meza moja na wakuu wa serikali na kuwahoji. Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa vijijini. Jina hilo ni la Anna Jeanes, mama wa dhehebu la Marafiki, mkazi wa Philadelphia, aliyetoa dola milioni 1 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa Marekani. Huko Dar es Salaam, mkutano wa elimu ulifanyika mwaka 1925 kati ya serikali na misheni, na baadaye shule za misheni zilizotimiza masharti zikaanza kupewa ruzuku.

Jambo jingine lilitokea Dar es Salaam pasipo sherehe. Kleist Sykes, kijana karani mwenye asili ya Kizulu na Mwislamu, ameacha kumbukumbu kwamba alikutana na Aggrey mwaka huo wa 1924, naye akamshauri Waafrika waunde chama cha kuwaunganisha. Chama cha Waafrika wa Tanganyika kikaundwa mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais wake na Kleist katibu. Chama hicho ndicho kilichogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kleist huyo huyo alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu mjini. Mbegu ya mchungaji wa Kimethodisti iliota katika shamba la Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu.

Hata hivyo si haki kuandika sifa tupu. Aggrey alikuwa na wapinzani, na hoja zao zilikuwa nzito. W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa wa watu weusi wa Marekani, aliyesoma Fisk, aliishambulia tume hiyo kwa maandishi. Aliona kwamba Jones na wenzake walitaka Mwafrika afundishwe jembe na useremala ili abaki mtumishi mzuri, huku elimu ya juu ikiachwa kwa Mzungu. Wengine walimlaumu Aggrey kuwa mpole mno, na kwamba maneno yake ya kupatana yaliwapendeza walowezi kuliko ilivyofaa.

Tukiyapima mambo hayo leo, tunaona kwamba kazi za mikono shuleni si ubaya wenyewe. Sisi Watanzania tulizipokea katika Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Tofauti ni nani anayeamua, na kwa faida ya nani. Mkulima anayejifunza kilimo ili ajitawale si sawa na mtu anayefundishwa kilimo ili asije akadai kujitawala. Aggrey alitembea katikati ya njia hizo mbili. Hakukubali kamwe kwamba Mwafrika hawezi elimu ya juu, na mwenendo wake mwenyewe ulikuwa ushahidi. Lakini fedha za safari zake zilitoka kwa watu waliokuwa na mawazo yao, naye alijua. Anayelipa ada hupenda kuchagua somo. Ndiyo maana shule kama Livingstone, zilizobebwa na kanisa la watu weusi wenyewe, zilikuwa na uhuru ambao shule zenye fedha nyingi zaidi hazikuwa nao.

Mwaka 1924 deni la tangu 1898 lilianza kulipwa. Gavana Guggisberg wa Pwani ya Dhahabu alikuwa akijenga shule kubwa huko Achimota, karibu na Accra, naye A. G. Fraser akiwa mkuu wake. Aggrey akaitwa kuwa msaidizi katika uongozi. Waafrika wengi waliishuku shule hiyo, wakidhani ni hila ya kuwapa elimu ya chini. Yeye ndiye aliyekwenda kwa machifu na wazazi kuwatoa wasiwasi. Alisimama imara pia kwamba wasichana wapokewe, maana aliamini mwanamke aliyesoma huisomesha jamaa nzima. Nembo ya Achimota ikawa vibonye vya piano, vyeusi na vyeupe.

Shule ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alipata likizo, akaenda Uingereza kisha New York kumalizia tasnifu yake ya udaktari. Huko akaugua ghafla homa ya uti wa mgongo, akafariki tarehe 30 Julai 1927. Alizikwa Salisbury, mji wa chuo kilichomlea. Tasnifu haikumalizika.

Lakini waliomsikia waliendelea. Nnamdi Azikiwe, aliyemsikia Lagos akiwa mvulana, alikwenda kusoma katika vyuo vya watu weusi vya Marekani, akarudi na kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Kwame Nkrumah, aliyekuwa mwanafunzi Accra wakati wa Aggrey, aliingia Lincoln mwaka 1935. Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda Hampton mwaka 1927. Senti za kanisani, zilizotolewa na watu waliokuwa wametoka utumwani juzi tu, ziliwasaidia viongozi wa nchi ambazo watoaji hawakuziona.

Ndugu zangu, wapo miongoni mwetu waliosomeshwa na kanisa, wengine na msikiti, wengine na kijiji kilichouza mpunga au ng'ombe. Tangu sheria ya 1969 serikali ilichukua shule nyingi za misheni, na leo tunasema shule ni ya serikali. Ni kweli, lakini usemi huo usitufanye tukadhani kwamba haituhusu. Aggrey alikaa mbali miaka 22, na kila mwaka kulikuwa na sababu nzuri ya kutorudi. Wengi wetu tulio Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam tunazijua sababu hizo kwa majina.

Napendekeza jambo moja dogo kwa mkutano wetu wa mwaka huu. Kila kundi la waliomaliza mwaka mmoja lichague mwanafunzi mmoja wa Msangano ambaye yuko karibu kuacha masomo kwa kukosa mahitaji, hasa msichana, limtunze mpaka amalize. Majina yaletwe kwa walimu, fedha zipokelewe kwa stakabadhi, na hesabu isomwe mbele ya wote mkutano ujao. Nanyi mlio madarasani, mtakaposaidiwa, msiogope kuuliza fedha zimetoka wapi. Andikeni majina ya waliotoa, kwa kuwa siku yenu ya kutoa nayo haiko mbali.